Kuku wa Mtani

Jumamosi, jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi, na uani maji yamefika kwenye kizingiti cha jiko. Mama amelala mapema. Mizigo yake ipo mlangoni, kikapu na begi na ndoo yenye mfuniko, maana kesho anapanda basi la Songea. Mimi nimeshika kalamu kwa sababu najua nikilala sasa hivi nitasikia mambo.

Leo nimekwenda chuoni kwa kaka yangu Osmund.

Osmund amekufa. Amekufa tangu nilipokuwa msichana wa shule, na nimeshakuwa mwanamke mzima mwenye cherehani yake. Lakini leo nimekwenda kwake, na mama yangu mkono wa kulia, na kuku hai kwenye kikapu. Siku nikiwa bibi nikayasoma haya, nitadhani nilikuwa na homa. Basi acha niyaandike yote kwa mpangilio, nisije nikajikana mwenyewe.

Osmund alikuwa miongoni mwa wale wa kwanza kabisa, wakati chuo kikuu chenyewe bado kipo hapa mjini, kwenye lile jengo refu ng'ambo ya Mnazi Mmoja, kabla hawajahamia mlimani. Kijijini kwetu walipiga ngoma siku mbili. Mngoni wa kwetu anakwenda chuo kikuu! Chuoni waliwavalisha majoho mekundu, na yeye akirudi kwenye chumba chetu hapa Kariakoo alikuwa anapita katikati ya soko nalo, kifua mbele, wauza samaki wanampigia makofi. Mimi nilikuwa nakaa naye nikisoma. Nilikuwa naona aibu na fahari kwa pamoja.

Alikuwa na kikohozi chake. Hakikuwa cha ugonjwa. Kabla ya kusema neno lolote alikohoa mara mbili, kidogo, koh-koh, halafu ndipo sauti ije. Na akiingia tu, hata kabla ya salamu, swali lake lilikuwa moja: "Kuna kiporo?" Mtu wa chuo kikuu, na chakula alichokipenda duniani ni ugali wa jana.

Alishikwa na homa wiki ya mitihani. Ilimchukua upesi mno.

Mama alikuwa Songea, na masika ya mwaka ule yalikuwa yamekata barabara. Lori lake lilikwama njiani. Hatukuweza kumsubiri, maiti haiwezi kusubiri katika joto la mji huu, tukamzika Kinondoni bila yeye.

Sasa, kwa mtu asiyejua mambo ya utani, nieleze. Sisi Wangoni na Wahehe ni watani, tangu mababu walipomaliza kupigana wakaamua kuchekana. Msibani mtani ndiye mwenye kazi. Anapika, anachota maji, anawatukana wafiwa, anazuia kilio kisizidi. Na katika kilele cha matanga, mtani huvaa nguo za marehemu akatembea kama yeye, akasema kama yeye, mpaka watu walie na kucheka kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo namna yetu ya kumuaga marehemu. Na mtani havui nguo zile mpaka mwenye msiba amlipe kuku. Akishapewa kuku, amevua, marehemu ameondoka kweli, na watu wanakwenda majumbani kwao.

Mtani wetu alikuwa Luvanda, Mhehe, kuli wa bandarini, aliyepanga chumba kinachopakana na chetu. Ukuta wenyewe ulikuwa wa udongo na makuti. Alikuwa amesikiliza kikohozi cha Osmund usiku na mchana, na alikiweza.

Siku ile uani, Luvanda akavaa joho jekundu. Akaingia akitokea ukumbini, kifua mbele. Koh-koh. "Kuna kiporo?" Jamani, watu walianguka. Wengine wanalia, wengine wanajishika mbavu, mimi mwenyewe nilicheka mpaka nikaona haya.

Na hapo hapo mama akaingia mlangoni.

Ndiyo kwanza ameshuka kwenye lori. Tope mpaka magotini, kitambaa kimemlegea kichwani. Alikuwa ameambiwa njiani kwamba mwanawe amekufa. Akasimama, akamtazama yule mtu mwenye joho jekundu, akasema taratibu, "Osmund. Mbona wameniambia umekufa?"

Nilimwangalia Luvanda, nikimwomba kwa macho avue, aseme, "Mimi mtani, mama, pole." Lakini mtani havui mwenyewe. Na mwenye msiba alikuwa ndiye huyo aliyesimama mlangoni, na alikuwa hajalipa. Luvanda akakohoa mara mbili. Akasema kwa sauti ya kaka yangu, "Nimerudi, mama."

Mama akamshika mikono, akamketisha, akaomba apewe chakula. Siku ile hakukuwa na kuku.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mh! Ya kwetu imekwenda miaka. Mama hakurudi tena Songea. Alisema hawezi kumwacha mtoto wake mjini peke yake. Na kila Jumapili baada ya misa Luvanda amekuwa akija na joho limefungwa kwenye gazeti, analivaa ukumbini, anakohoa, anaingia. Anaulizwa masomo. Anasema ni magumu. Anakula kiporo, anaaga, anavua ukumbini, anarudi kwake. Ile nyumba ya makuti ilishabomolewa, tumehamia huku nyuma ya duka la Bwana Kantilal ninayemshonea sare za shule, Luvanda amehamia Ilala na ameoa, na bado anakuja. Joho limepauka limekuwa rangi ya tofali. Kaka yangu anasoma chuo mwaka wa ngapi huu? Mama hakuuliza hata siku moja.

Nimelichukia jambo hili. Nasema kweli, nimelichukia hadi mifupani. Jumapili nilikuwa natafuta sababu ya kutoka, nakwenda kupanga foleni ya sukari hata wiki ambayo sukari haipo. Nikibaki, napiga cherehani kwa nguvu ili nisisikie. Lakini sauti ile haizuiliki kwa cherehani. Kuna siku nilikuwa nimeinama natia uzi kwenye sindano, ikasema nyuma yangu, "Skola, umekonda," na nikajibu, "Sijakonda, kaka," kabla sijajua nimejibu. Sikulala siku ile.

Na si mimi peke yangu. Mke wa Luvanda alinishika mkono sokoni mwaka jana, tukichagua dagaa, akaniambia kwamba mumewe akiota huongea kwa sauti asiyoijua. Aliniuliza kama ninamjua mtu aitwaye Skola. Nikamwambia ni mimi. Alinitazama kwa jicho baya, na simlaumu.

Wiki mbili zilizopita baba mdogo alituma ujumbe. Huko kwetu watu wanahamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, viwanja vinagawiwa, na asiyekuwepo hana chake. Mama amesema atakwenda. Nilipigwa na butwaa, maana nilidhani hatatoka mji huu mpaka tumtoe. Akaongeza jambo moja tu. Kabla hajaondoka, anataka afike chuoni kwa Osmund. Miaka yote mwanawe anakuja kwake, yeye hajawahi kumtembelea.

Hapo ndipo nilipoona hatari. Huku mjini uongo wetu ulikuwa na Jumapili yake na kiporo chake. Lakini akienda kule akiamini mwanawe yu hai, atakaa kwenye kibanda kipya kijiji cha ugenini akitazama barabara. Atamsubiri likizo, atamsubiri Krismasi, na hapatakuwa na Luvanda wa kuingia mlangoni. Atakufa akimsubiri. Sikuwa tayari kumpakia mama yangu kwenye basi namna hiyo.

Alhamisi nikamfuata Luvanda Ilala, nikamwambia wazi: Jumamosi uje pale kwenye jengo la zamani, uvae, halafu uvue mbele yake. Yaishe.

"Mtani havui mwenyewe, Skola," akasema.

Nikamwambia nitamlipa kuku mimi, hata wawili, hata jogoo wa Bwana Kantilal nitamwiba. Hakucheka. Akasema mwenye msiba ni mama, na mwenye msiba hajui kama ana msiba. Nikamwita majina ambayo hata mtani hapaswi kuitwa. Aliinamisha kichwa tu. Amezeeka, Luvanda, mvi zimeingia masikioni. Osmund angekuwa bado hana mvi. Mwishowe akakubali kuja, lakini kuvua hakukubali. Nikaondoka nimeshaamua kwamba nitasema mimi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na sisi tulishaficha vya kutosha.

Leo asubuhi mama akaniambia nimpitishe wanakouza kuku, pale pembeni ya soko jipya linalojengwa. Akachagua mwenyewe. Aliwapapasa kifuani mmoja mmoja, akambishia muuzaji mpaka muuzaji akaomba radhi, akachukua tetea mmoja mweupe, akamtia kikapuni na kumfunika kwa khanga. Nikamuuliza wa nini. Akasema haendi kwa mtu mikono mitupu. Roho ikaniuma. Kuku wa kumpelekea maiti shuleni, nikasema moyoni.

Tukavuka Mnazi Mmoja kwenye manyunyu. Jengo lipo vilevile, limeota ukungu tu kwenye kuta za upande wa mvua. Sasa wanafundishia watu wazima kusoma. Mzee wa zamu mlangoni tulimpa shikamoo, nikamwambia mama angependa kuona mahali mwanawe aliposoma zamani. Nilikaza neno zamani nikimwangalia mama. Mama alikuwa anapangusa tope kwenye ndara.

Ndani mnanuka chaki na nguo mbichi. Kwenye chumba kimoja kulikuwa na darasa la kisomo, akina mama wenye watoto mgongoni, wanaimba silabi kwa pamoja, ba be bi bo bu, na sauti zao zinapanda na ngazi. Mama akasimama akasikiliza. Akashika mbao ya ngazi, ile ya kushikia, akawa anaipapasa kama alivyowapapasa kuku. "Alinieleza hizi ngazi," akasema. "Alisema zimepinda mara mbili." Zimepinda mara mbili kweli. Osmund alimweleza likizo yake ya kwanza, akiwa na mwili wake.

Tukapanda. Kwenye kona ya kwanza ya ngazi nikamwambia, "Mama, nina neno."

Na juu yetu mtu akakohoa mara mbili.

Mungu wangu. Mimi ndiye niliyemwita. Nilijua yupo, nilijua saa, nilijua joho lilivyopauka. Lakini kikohozi kile nilikuwa nimekizoea ukumbini kwetu, penye mabeseni na viatu. Pale, kwenye jengo lake, kilirudi mahali pake. Kilipiga ukutani kikashuka ngazi kama kinavyoshuka kitu kinachojua njia. Nikamshika mama badala ya yeye kunishika mimi. Kwa kitambo kile niliamini. Naandika hivyo hivyo: niliamini kaka yangu yuko juu, na kwamba sisi ndio tuliokuwa tumekosea.

Akatokea kwenye mwanga wa dirisha, joho jekundu, kifua mbele. "Mama," akasema. "Umekuja."

Mama akapanda ngazi zilizobaki peke yake. Alipomfikia hakumkumbatia. Akaweka kikapu chini, akafunua khanga, akamshika yule tetea kwa mbawa na kumnyooshea.

"Shika kuku wako, mtani," mama akasema. "Nguo ya marehemu ivue."

Marehemu. Miaka yote hiyo sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Luvanda alibaki ameduwaa. Kuku anapiga kelele, chini wanaimba ba be bi bo bu, na yeye anamwangalia mama mdomo wazi. Halafu akampokea kuku, akamkabidhi kwangu nimshikie, na akaanza kuvua. Mkono wa joho ukamnasa kwenye saa, ikabidi mama amsaidie kama anavyomvua mtoto. Chini ya joho alikuwa na shati la kazini la bandarini. Alionekana mdogo.

Mtani akishalipwa lazima atukane, ndiyo desturi. Nilimwona anajitahidi. "Kuku mwenyewe mmoja?" akasema, na machozi yanamtiririka. "Wangoni kwa uchoyo! Ndiyo maana babu zenu walikimbia wakaacha hata ngao." Mama akacheka. Alicheka kweli, mkono mdomoni, na mimi nikacheka, na Luvanda akacheka kwa sauti yake mwenyewe, sauti nene ya Kihehe ambayo nadhani sikuwahi kuisikia sawasawa. Nikasema imekwisha. Asante Mungu, imekwisha.

Luvanda akafuta uso, akataka kutuaga.

Koh-koh.

Joho lilikuwa mikononi mwa mama. Luvanda alijishika koo, akajaribu tena kusema, na kikaja tena, kidogo, mara mbili, kabla ya neno. Akatutazama kwa woga ambao sijauona kwa mwanamume wa umri wake.

"Mama," akasema, "nguo imetoka. Hiki hakitoki."

Mama akamsogelea. Akamshika shavu. "Basi kaa nacho, mwanangu," akamwambia. "Nitajua kipo mjini."

Tulirudi mpaka Mnazi Mmoja. Hapo sikuweza kujizuia tena, nikamuuliza alijua lini. Akanishangaa, kana kwamba nimemuuliza mvua inatoka wapi. Alijua siku ile ile mlangoni, akasema. Mama hamjui mwanawe? Luvanda ana miguu mirefu, Osmund alikuwa mfupi kama baba yake. "Lakini nilifika nikakuta mmekwisha zika. Uso wake sikuuona. Sauti nikaikuta. Ungekuwa wewe, ungemlipa kuku siku hiyo?"

Akasema alikuwa anajiambia kila wiki, Jumapili ijayo nitalipa. Na Jumapili ikifika anasikia kikohozi ukumbini, anasema ijayo. Sasa anakwenda mbali, na mtu havuki mto na deni la mtani.

Na mimi niliyekuwa nimejiona mlinzi wake! Miaka yote hiyo, kati yetu watatu, aliyejua vizuri kuliko wote kwamba Osmund amekufa alikuwa mama. Aliyefika nusu ngazi akaamini yu hai ni mimi.

Tulipofika nyumbani alinikabidhi joho. Akasema wewe ni fundi, likate, litoe hata nguo ya mtoto, kitambaa bado kina nguvu. Nimelitandika mezani tangu saa hizo za jioni, mkasi upo juu yake. Kwenye kola kuna alama ya jasho, na sijui ni la nani.

Kesho ni Jumapili. Asubuhi nitampakia mama, nitasimama stendi mpaka basi lipotee, halafu nitarudi kwenye chumba hiki. Luvanda hana sababu ya kuja tena. Amelipwa, yuko huru, mkewe atafurahi. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka miaka yote.

Tumekula ugali jioni, mama na mimi, na kisamvu. Wakati wa kuosha vyombo nimejikuta nimebakiza pande moja kwenye sufuria, nikalifunika vizuri na sahani.

Mama hatakula, anasafiri. Mimi sipendi kiporo.